Vipimo vya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu nilimwomba Watiri aniletee kitu cha kusoma, naye akaniletea daftari la vipimo. Miaka kumi na sita tunashona pamoja dukani kwangu Ruring'u, na bado akisikia neno kusoma anaona orodha ya viuno. Sawa. Mbele mna viuno vya watu, nyuma nitaweka mambo yangu.

Mimi ni Peris Wamucii, fundi wa sare za shule, umri miaka sabini na moja. Jumamosi mvua ya kwanza ilinyesha, nikakimbia kuanua sweta kambani, nikateleza kwenye sementi ya mlangoni. Sementi hiyo mwanangu Mutahi alimlipa mtu aje aing'arishe. Iling'aa. Nyonga ya kushoto imevunjika. Sikulia. Watiri alilia kwa niaba ya ukoo mzima.

Kitanda cha pili hapa wadini yuko mwanamke wa Kiganjo anayeitwa Beth, mama yake Sophie, aliyesukumwa na ng'ombe wake mwenyewe. Yeye ni nyonga ya kulia. Amelalamika tangu asubuhi: shuka, uji, dirisha, mguu, ng'ombe. Ningekuwa yule ng'ombe ningefanya vivyo hivyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Upasuaji ulikuwa uwe leo. Haukuwa. Sukari yangu iko juu, presha iko juu, na moyo, kwa maneno ya daktari, umechoka. Daktari mwenyewe ni Njoka, kijana mrefu wa Embu ambaye suruali yake ni fupi kwa inchi mbili. Ni vigumu kumsikiliza mtu huku soksi zake zikikutazama.

"Cucu, shida si mfupa peke yake," alisema, akiniita kwa Kikuyu kama nyanya yake. "Ukilala hivi, damu ya miguu haitembei. Inaweza kuganda. Na hiyo damu imeganda ikitoka kwa mguu ipande kwa mapafu, inaziba. Mtu anaenda hivyo tu, akiongea."

"Watu wote hulala," nikamwambia.

"Watu wote hawana sugar na pressure na moyo kama yako. Mama Sophie naye ako na sugar na asthma. Nyinyi wawili ndio nawaogopea kwa hii ward. Ndio maana tunawadunga hiyo sindano ya tumbo, na ndio maana nataka mchezeshe nyayo. Juu, chini. Kila saa."

Beth akaanza kulia kwamba atakufa na hakuna mtu wa kumkamua ng'ombe. Ng'ombe yule yule.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Beth.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jana nilipasuliwa na kutiwa chuma. Leo nimemwomba muuguzi anionyeshe mshono kwa kioo. Si mbaya, ila nafasi hazilingani. Mwanafunzi wangu akishona hivyo ningemfumulia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumesimamishwa. Mimi nilishika fremu ya kutembelea, nikauma meno, nikapiga hatua sita. Beth alipiga hatua mbili na kelele mia. Wanawake sita wa kanisa langu walikuwa wamekuja kuniombea wakasahau wakamwombea yeye. Hivyo ndivyo dunia ilivyo: anayelia ndiye anayepata maombi na chungwa. Mimi nililelewa na mama aliyejifungua asubuhi na kuchuma kahawa mchana, na hakuna aliyemsikia akisema hata ah. Sina subira na watu ambao kila kinachowauma lazima kitangazwe.

Jumatano, 23 Oktoba

Beth alisema mguu unamuuma kwa ndani. Alisema saa moja, saa mbili, saa tatu. Akapelekwa kupigwa picha. Hakuna kitu. Nilicheka hadi chuma kikauma.

Njoka alinisikia. "Cucu, afadhali huyu anasumbua," alisema. Nikamtazama soksi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumeruhusiwa sote wawili. Njoka alitupa vidonge vya kulainisha damu, kimoja kila siku hadi tarehe ishirini na mbili Novemba, na kliniki tarehe tano Desemba. Aliposikia mimi ni fundi alifurahi kupita kiasi.

"Basi uko na tape measure. Pima shavu la mguu kila siku, hii na hii. Tofauti ikipita inchi moja, ama iume, ama ushikwe na pumzi, usingoje clinic. Kuja."

Nikamuuliza kama naweza kurudi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Akasema polepole, na kwamba kule kukanyaga hata ni dawa, kunasukuma damu. Ndilo neno la kwanza la akili nililosikia katika jengo lile.

Beth alichukua namba yangu ya simu. "Tutakuwa tunapimana," alisema. "Mimi nikiwa peke yangu naogopa." Sikupata njia ya kukataa mbele ya watu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kulia kumi na nne. Kushoto kumi na nne na nusu. Hiyo nusu ni uvimbe wa kidonda, itashuka.

Niko nyumbani, yaani chumba kilicho nyuma ya duka. Wateja wameanza kuja kwa sare za mwaka ujao. Leo alikuja pia mke wa mzee wa kanisa kupimiwa gauni la kwaya. Nilimpima nikiwa nimekaa. Kiuno inchi arobaini na mbili. "Thelathini na nane," nikasema kwa sauti, nikaugonga utepe wa kupimia kwa kidole mara nne, na Watiri akaandika arobaini na mbili. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi. Mteja anapewa namba anayoipenda, daftari linapewa namba ya kweli, na kila kidole kinapogonga, Watiri anaongeza inchi moja. Wanawake wa Nyeri husema hakuna anayewashonea kama mimi. Hakuna anayewadanganya kama mimi.

Saa kumi na moja jioni Beth akapiga. "Mama Mutahi, umepima?" Nikamwambia. Akaniambia zake. Kisha nikasikia habari za choo chake, binti yake, na ndama.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kushoto kumi na nne na robo. Nilikanyaga cherehani saa nzima. Beth kwenye simu: dakika ishirini na tatu.

Jumamosi, 2 Novemba

Vidonge saba kwa siku! Sukari, presha, moyo viwili, maumivu, tumbo, na hiki cha damu. Leo nimepiga mswaki nikatema damu. Nimekiweka cha damu kwenye kopo la vifungo na hapo ndipo kitakapokaa. Damu yangu imenitumikia miaka sabini na moja bila kusimamiwa na kijana asiyejua urefu wa suruali yake.

Jumatatu, 4 Novemba

Mutahi amekuja kutoka Nairobi na sanduku. Ndani: cherehani ya stima. "Mum, hutakanyaga tena. Unaguza tu hivi na hii foot ya kulia, inajiendesha." Mutahi humpenda mama yake kwa kumnunulia vitu na kurudi Nairobi kabla ya mvua. Amemwambia Watiri aisukume ile ya zamani stoo, na Watiri, ambaye humwogopa kila mwenye gari, akaisukuma.

Nakiri inakwenda mbio. Nilishona kaptula kumi na moja bila kuinuka. Mguu wa kushoto haukuwa na kazi yoyote, ukakaa chini ya meza.

Alhamisi, 7 Novemba

Kushoto kumi na nne na nusu.

Beth leo alikuwa na mashtaka dhidi ya kidonge cha damu. Akikwaruzwa anatoka madoa, na tumbo linanguruma. Nikachoka. "Mimi niliziacha siku tano zilizopita," nikamwambia. "Na mguu wangu ni huu hapa."

"Ati uliacha? Na iko ngapi?"

"Kumi na nne na robo," nikasema, na kidole kikaugonga utepe kwa mazoea. Kwenye simu hakuna wa kuongeza.

Akasema, "Wewe uko na nguvu, Mama Mutahi." Nikaona angalau ametambua.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Uani ni utelezi, sikutoka. Marinda tisa.

Jumatano, 13 Novemba

Kushoto kumi na nne na robo tatu. Nimemwambia Beth kumi na nne na robo. Sikuona sababu ya kumpa cha kulilia.

Matope yamefika mlangoni. Watiri anasema nitembee ndani, kutoka meza hadi kitanda na kurudi, kama walivyosema hospitalini. Nimemuuliza kama sare za shule tatu zitajishona nikiwa katika matembezi. Nakaa kwenye cherehani kwa muda wa saa nane, pengine tisa. Napenda. Ni afadhali kuliko kulala na kutazamwa na wageni wanaokuja na mkate mmoja na kuondoka na habari zangu zote.

Jumatatu, 18 Novemba

Kumi na tano. Nimesema kumi na nne na robo.

Ijumaa, 22 Novemba

Kumi na tano na robo. Leo ndipo vidonge vile vingeisha kama ningevimeza. Viko kwenye kopo la vifungo, ishirini na moja.

Beth wiki hii hajalalamika. Anauliza namba yangu, anasema "sawa," anasema yake iko sawa pia, anakata. Dakika mbili! Namshukuru Mungu. Kumbe hata Kiganjo mtu anaweza kujifunza adabu.

Jumatatu, 25 Novemba

Kumi na tano na nusu. Shavu la mguu linakaza kwa ndani, nalo lina joto.

Soksi yangu iliacha alama, Watiri akaiona. "Mguu yako imefura, Mama Mutahi."

"Umefura mdomo wako."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilimwambia methali ni mitumba: zimevaliwa na kila mtu na hazimkai yeyote. Akarudi kukata kola. Watiri akishindwa na hoja huninunia kwa mkasi, unasikia kabisa mkasi ukinuna.

Nina haki ya kuandika hapa nisilosema nje. Najua inchi moja imepita. Mimi ndiye niliyepima. Lakini nikienda kule nitakuwa Beth. Nitawekwa kitandani, soksi za yule kijana zitasimama mbele yangu, na atasema nilikwambia. Na sare za shule tatu ziko mezani. Itashuka.

Jumamosi, 30 Novemba

Kumi na tano na robo tatu. Nimesema kumi na nne. Mvua.

Jumatatu, 2 Desemba

Kumi na sita.

Nitaandika lililotokea lote, na nitaliandika lilivyo.

Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, Watiri alikuwa mbele yangu akikata kitambaa cha kijani, na daftari lilikuwa wazi kati yetu. Saa kumi na moja Beth akapiga. Sauti yake ilikuwa chini, nikadhani ni mtandao.

"Mbona unaongea hivyo?"

"Nimechoka tu kidogo. Nikitembea hadi kwa ng'ombe nashikwa na pumzi. Lakini sijaambia mtu. Hata Sophie akiniuliza namwambia niko sawa."

"Wewe? Hujaambia mtu?"

"Wewe ndio ulinifunza, Mama Mutahi. Kule ward nilikuwa nasumbua watu mpaka aibu. Nilikuwa nakuona vile unanyamaza, nasema, huyo ndio mwanamke. Nikaacha zile dawa siku ile tu uliniambia uliacha. Sasa mguu yangu imefura, lakini yako haijafura, na wewe uko na ugonjwa mingi kuniliko. Kwa hivyo nikajua ni mimi tu napenda kulia. Nikasema wacha nivumilie."

"Iko ngapi?"

"Kumi na sita na nusu. Yako?"

Mke wa mzee wa kanisa alikuwa benchini, miguu yote miwili imekunjwa, akingoja gauni lake na kunisikiliza waziwazi.

"Kumi na nne," nikasema. Kidole changu kiliugonga utepe mara mbili. Sikukituma.

Watiri aliacha kukata. Miaka kumi na sita masikio yake yamekuwa yakisubiri kidole hicho. Alitazama utepe, akatazama mguu wangu chini ya meza, akasema kwa sauti ambayo hutumia kunisomea vipimo: "Kumi na sita."

Nilikata simu kabla Beth hajasikia. "Kata kitambaa," nikamwambia Watiri.

Kisha nikampimia mke wa mzee wa kanisa gauni lake, likamkaa, akanisifu.

Ningeweza kumpigia Beth tena papo hapo. Simu ilikuwa na chaji na mkono wangu haukuwa na kazi. Nilingoja wateja watoke. Walipotoka nilisema nitakula kwanza. Nilipokwisha kula nilisema amelala mapema, ana ng'ombe. Naandika ili isije ikasemwa sikuwa na nafasi. Nilikuwa na jioni nzima. Nilimwogopa mwanamke niliyemdharau, kwamba atanidharau.

Jumatano, 4 Desemba

Hospitalini. Mkono mmoja una sindano, naandika kwa mwingine. Haya ni ya jana.

Asubuhi niliinuka kwenda kuwasha jiko na kifua kikanichoma upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nilivuta pumzi, ikafika nusu na kurudi. Nilikaa chini sakafuni, nikiwa na kibiriti mkononi. Nilijua ni nini. Nilikuwa na maelezo kamili tangu Oktoba, bure, kutoka kwa mtu aliyesomea.

Watiri alinikuta hapo. Hakulia safari hii. Alisema, "Nilipigia Mutahi jana, na mwenye taxi ako njiani, na ukisema hapana nitakubeba kama mfuko wa vitambaa." Kumbe alikuwa hajanuna kwa mkasi tu. Nilimwomba simu kwanza.

Aliyepokea hakuwa Beth. Ilikuwa sauti changa.

"Ni Sophie. Nani?"

"Mama Mutahi. Nipe mama yako."

"Ai, Mama Mutahi, mum amekimbizwa hosi asubuhi mapema. Alianguka akitoka kukamua. Hawezi pumua, midomo imekuwa blue. Na hakuwa anasema kitu! Mum! Ule mtu hulilia hata chumvi ikiwa kidogo. Ati aliacha dawa. Ati kuna rafiki yake fundi aliacha na hana shida yoyote. Sasa huyo fundi ni nani? Unamjua? Nataka tu kumjua."

Kuna njia nyingi za kujibu swali hilo na ninazijua zote. Ni kazi yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Na nilikuwa nadanganya. Mguu wangu ni inchi kumi na sita."

Hakunitukana. Alikata. Ningependelea matusi.

Njoka alinipokea mwenyewe. Walipiga picha ya mguu na ya kifua: damu imeganda nyuma ya goti na kuendelea juu, na kipande kimoja, kidogo, kimeshafika kwenye pafu. Kilichonisaidia, alisema, ni udogo wake. Cha Beth si kidogo. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi na mashine inamsaidia.

Nilimpa daftari hili. Sikujua la kufanya nalo lingine. Alilisoma akiwa amesimama, kutoka nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata namba.

"Hii yote ulikuwa unapima? Kila siku?"

"Kila siku."

"Cucu, hakuna mgonjwa wangu amewahi kupima vizuri hivi." Alifunga daftari taratibu. "Na ulikuwa unaambia nani?"

Nilitazama suruali yake. Ina upindo wa inchi mbili na nusu ambao hakuna aliyewahi kufikiria kuufumua. Kwa miezi miwili nilimcheka kwa kitu ambacho ningekirekebisha kwa robo saa.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo ilikuwa tarehe ya kliniki. Nimewahi, kama mnavyoona.

Ijumaa, 6 Desemba

Beth hajaamka vizuri. Mvua.

Jumamosi, 7 Desemba

Wamemleta Beth wadini, kitanda cha pili, kana kwamba hakuna kitanda kingine katika kaunti nzima. Ana barakoa ya oksijeni usoni na macho yamefumba. Sophie alikuja, akakaa upande wa pili ili asinitazame. Ni msichana mwembamba, bega moja liko chini kuliko jingine. Sikuweza kuona kasoro nyingine, ingawa nilitafuta, kwa mazoea.

Kimya. Oktoba nzima niliomba mwanamke huyu anyamaze. Sasa amenyamaza, na ni mimi niliyemfundisha. Nasikiliza ile hewa inavyoingia na kutoka, na kila ikichelewa nainua kichwa. Najichukia, na si kidogo. Mama yangu aliyejifungua asubuhi na kuchuma kahawa mchana alikufa akiwa na miaka arobaini na minne, na hakuna aliyejua alikuwa akiumwa nini. Hilo sikuliandika mwanzoni.

Jumapili, 8 Desemba

Watiri ameleta utepe na uji. Anasema ile cherehani ya kukanyaga ameitoa stoo, ameitia mafuta, na ile ya stima ameifunika. Hakuniuliza. Wateja anawaambia namba zao za kweli na mmoja tayari amehama. Nimemwambia aendelee.

Jumatatu, 9 Desemba

Saa nne asubuhi Beth alivua barakoa, akaonja chai, akasema, "Hii ni maji ya kuosha sufuria."

Nililia. Nimeandika. Nililia kwa sauti, muuguzi akaja mbio akidhani ni kifua.

Sophie alipotoka kwenda kununua maziwa nilimwambia Beth yote: robo, nusu, inchi mbili, vidonge kwenye kopo, kidole kinachogonga utepe ninapodanganya, na ile jioni niliyokula kwanza. Nilimsomea kutoka daftarini, tarehe kwa tarehe, ili nisije nikapunguza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageukia ukuta, nikajua nimepata ninachostahili.

Haikuchukua muda. Mwosha sakafu alipoingia, Beth akageuka. "Unaona huyu? Huyu na utepe shingoni? Ndiye alitaka kuniua. Ati kumi na nne! Mguu kama gunia ya viazi, ati kumi na nne!" Amemwambia mwosha sakafu, wauguzi wawili, mchungaji wangu aliyekuja kuniombea mimi, na mwanamume mmoja aliyekuwa amepotea akitafuta maabara. Anapumzika, anavuta oksijeni, anaendelea. Kitanda changu kinaonekana kutoka kila pembe ya wadi. Mimi nasikiliza kila neno, na sitaki hata moja lipotee, kwa sababu hakuna neno linalotoka bila pumzi.

Jioni, saa kumi na moja, alinyamaza ghafla. Nikainua kichwa.

"Umepima?" akauliza, bila kunitazama.

Nilizungusha utepe kwenye shavu la mguu, nikauvuta ukalingana, nikasoma. "Kumi na tano na nusu."

Akageuka, akatazama mikono yangu. Nikaiweka yote miwili juu ya blanketi, vidole vimetulia, hadi aliporidhika.